Nimejiunga na klabu ya dansi chuoni: mbona waliozoea rumba ndio wanaokwama kwanza?

#1 NyarKisumo
Hamjambo wadau. Nasoma chuo kikuu hapa Nakuru, kwetu ni Kisumu, Kondele. Muhula huu nimejiunga na klabu ya dansi za ukumbini na za Kilatini. Tunakutana bwaloni, meza zikishasukumwa ukutani. Hatuna mwalimu wa kulipwa. Wanaotufundisha ni wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, nao walifunzwa na waliowatangulia.

Kuna jambo limenikaa kichwani. Wanaosifiwa kwa kucheza, wale wanaoitwa katikati kwenye harusi, ndio waliochelewa kushika rumba. Mwenzangu wa bwenini amelelewa nyumba ya kilokole, redio kwao ilikuwa ya habari na mahubiri tu, naye aliipata hatua ya msingi jioni ileile ya kwanza. Kijana mmoja wa Homa Bay, ambaye sebene, ile sehemu ya magita ya kasi kwenye rumba ya Kongo, likiingia watu humpisha, bado anahangaika. Nimetazama kundi la alasiri na la jioni, mambo ni yaleyale.

Kwa nini? Tena si chacha wala walzi, ni rumba! Mliopitia klabu hizi mwasemaje? Na mnieleze pia cha kuvaa miguuni, maana sakafu ya bwalo letu ni saruji.

#2 Kijana_wa_58
Jibu ni rahisi dada. Watu wa Kisumu mmezoea kucheza mmesimama palepale mkitunzwa pesa. Sisi wa Nakuru tunatembea na dansi. Umekuja mji unaofaa, utazoea.

#3 OmeraKondele
Kijana_wa_58, wewe umewahi kuona ohangla, ngoma yetu Wajaluo, ikichezwa na wenyewe? Panda gari uje Kisumu wikendi moja, halafu urudi hapa uandike upya.

NyarKisumo, hilo swali ni la maana. Ngoja wanaojua wafike.

#4 MwalimuWaHatua
Niko Eldoret, nafundisha dansi jioni baada ya kazi. Swali hili hunijia kila kundi jipya linapoingia.

Rumba ya mashindano huhesabiwa mbili, tatu, nne, moja. Hatua ya kwanza inaanguka kwenye pigo la pili. Kwenye pigo la kwanza hakuna hatua mpya: mguu umeshawekwa, uzito na nyonga vinamalizia kutulia. Sasa mtu aliyekulia kwenye rumba ya Kongo, mwili wake unataka kukanyaga pale mzunguko unapoanza. Ukimwambia asubiri anaona kama amechelewa, anakimbilia, anaingia kwenye moja. Mlokole wako hana mazoea yoyote. Ameambiwa aanze kwenye mbili, akaanza kwenye mbili.

Ninachofanya mimi ni kuwaacha kwanza waliozoea wakae kwenye viti. Wanapiga kofi kwenye mbili tu, wimbo mzima, mpaka kofi lije bila kufikiri. Baada ya hapo ndipo wanasimama na kutembea ukumbini, mguu ukichukua nafasi ya kofi.

#5 Daktari_wa_Magoti
Nasomea tiba ya viungo. Naheshimu hesabu ya #4, ila sababu naiona magotini.

Rumba ya kwetu huchezwa magoti yamelegea, mwili umeshuka kidogo, na nyonga inaendeshwa kutoka kiunoni. Rumba ya Kilatini mguu unaopokea uzito hunyooka, na nyonga inasogea kwa sababu goti moja limenyooka na jingine limelegea. Haitikiswi, inafuata tu kazi ya miguu. Aliyezoea kuiendesha kwa kiuno anafanya kazi mara mbili, kwa hiyo anachelewa, na ukimtazama kwa juu utadhani hajui kuhesabu. NyarKisumo, mtazame huyo kijana wa Homa Bay kuanzia magoti kwenda chini. Ukikuta yote mawili yamepinda wakati mmoja, jibu unalo.

#6 MwalimuWaHatua
Magoti ni kweli, lakini hayo tunayafundisha baadaye. Mgeni wa jioni ya kwanza hatumwambii lolote kuhusu goti, na tayari amekwama.

#7 Daktari_wa_Magoti
Nyinyi hamjayafika, ila yeye amekuja nayo kutoka nyumbani.

#8 Jadong_Reli
Wanangu, nimefurahi kuona uzi huu. Nilizaliwa Kisumu kwenye nyumba za reli. Wazazi wetu walicheza walzi, foksitroti na kwikistepu kwenye kumbi za mitaa, wanaume kwa suti na viatu vinavyomeremeta, akina mama kwa gauni zilizopigwa pasi ya makaa. Baadhi ya wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani Burma. Tena si Kisumu peke yake. Huko Dar es Salaam vijana walikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu 1932, na vilabu vya dansi vilienea miji ya pwani. Kwa hiyo NyarKisumo, akikwambia mtu umeingia mambo ya kizungu, mwambie babu zake waliyacheza.

Kuhusu rumba. Watu wa Kongo walipelekwa Cuba utumwani na ngoma zao zikaenda nao. Muziki wa Cuba ukarudi Afrika kwa santuri miaka ya 1930 na 1940, vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakaupokea, wakautia gita na Kilingala. Kufika 1960 mwimbaji Grand Kallé na bendi yake African Jazz waliimba uhuru wa Kongo kwa mwendo wa chacha. Hiyo ndiyo rumba iliyotulea Nyanza.

Ile ya klabu yenu ilipita njia nyingine. Kulikuwa na mwalimu Mfaransa London, Monsieur Pierre, aliyekwenda Cuba baada ya Vita vya Pili akaona Havana hawachezi rumba ya mraba iliyokuwa ikifundishwa Uingereza. Akarudi akishikilia kwamba hatua ianze kwenye pigo la pili. Walimu wa huko walivutana miaka mingi, wengine kwa mraba, wengine kwa mbili, mpaka upande wa Pierre ukashinda. Ikiwa walimu wazima walilibishania pigo hilo, huyo kijana wa Homa Bay mpeni muda.

#9 Kijana_wa_58
Shikamoo mzee. Lakini hizi dansi za Kilatini si zote zimetoka Uhispania? Nilidhani ndiyo sababu ya jina.

#10 Jadong_Reli
Marahaba kijana. La hasha. Rumba na chacha ni za Cuba. Samba ni ya Brazil. Jaivu imetokana na dansi za Wamarekani weusi. Inayobaki ni paso doble, hiyo ndiyo yenye muziki wa Uhispania, mwanamume akisimama kama mpigana na fahali. Na chacha si ya kale sana. Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Cuba, ndiye anayetajwa kuianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950.

#11 NyarKisumo
Jadong', ero kamano, asante sana. Sikuwa nimelijua hilo la Pierre.

Sasa klabu yetu ina salsa na bachata pia. Hizo zinakaa wapi?

#12 MwalimuWaHatua
Hazimo kwenye kumi za mashindano. Za Kilatini ni samba, chacha, rumba, paso doble na jaivu. Za ukumbini ni walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Salsa, bachata ya Jamhuri ya Dominika na kizomba ya Angola ni dansi za kujumuika. Klabu huziweka kwa sababu zinaleta watu mlangoni, na sioni ubaya.

Tahadhari moja. Salsa wengi hufundishwa moja-mbili-tatu, tano-sita-saba, yaani unaingia kwenye moja. Ukifundishwa salsa Jumanne na rumba Alhamisi, miguu inagombana. Kama klabu yenu inafanya hivyo, mwombe kiongozi awape wageni moja kwanza.

#13 OmeraKondele
Mwalimu, hapo naona nadharia yako inavuja. Kama tatizo ni pigo, basi mlokole wa NyarKisumo naye angechanganywa na salsa. Hajachanganywa.

Mimi nasema ni heshima. Mtu anayejulikana kwa kucheza akikosea mbele ya watu anaumia kuliko asiyejulikana kwa lolote. Akikosea mara ya kwanza anakaza mwili, na mwili uliokazwa hauchezi. Nilimwona binamu yangu, bingwa wa kila harusi ya ukoo, akiingia darasa la salsa hapa Kisumu. Alitoka nje kupokea simu ambayo haikulia. Alipofundishwa sebuleni na dada yake, milango imefungwa, aliipata.

#14 Sauti_ya_Maseno
Mimi nilikuwa klabu ya chuo miaka ya nyuma, na nina ushahidi tofauti na wa wote.

Kiongozi wetu alifundisha bila muziki. Alihesabu kwa mdomo, tukatembea. Wasio na rumba mwilini walifuata namba vizuri sana. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri gita. Mtu aliyekulia kwenye rumba hahesabu, anasikiliza gita la mi-solo, lile la kati ya solo na ridhimu, linamwambia lini, na besi inamwambia wapi. Ukimnyima gita umemnyima kila kitu. Siku muziki ulipowashwa mambo yalipinduka: wa namba wakapotea, sisi tukaanza kucheza. Kwa hiyo swali la kumuuliza NyarKisumo ni hili: mnafundishwa na muziki au bila?

#15 NyarKisumo
Na muziki tangu dakika ya kwanza. Na bado.

Ila muziki wenyewe ni rumba za kizungu za mashindano, zenye piano. Hazina gita la kushika. Labda Sauti una nusu ya jibu.

#16 KodianiNaKaringaringa
Mimi ni wa Subukia. Mnazunguka hesabu na magoti, mnaacha mikono.

Rumba ya harusini kila mtu ni bosi wa mwili wake. Hata mkishikana, mmoja anaweza kufanya lake na mwenzake lake, mkakutana mbele ya safari. Dansi ya ukumbini mmoja anaongoza na mwingine anafuata, na ujumbe unapita kwenye mkono na kifua kabla mguu haujatoka. Anayejua kucheza peke yake ana mawazo mengi, hawezi kungoja ujumbe. Akiwa anaongoza, anasahau kuutuma.

Nyanya yangu alicheza mwomboko. Ule huchezwa wawili wawili wameshikana, kodiani ikilia na karing'aring'a, ile pete ya chuma, ikigongwa, na inasemwa wazee wa miaka ya 1940 waliujenga wakichanganya ngoma zetu na hatua walizoziona kwenye walzi na foksitroti. Nilipojiunga na klabu ya chuo sikujua hata jina la dansi moja, lakini kushikwa na kupelekwa nilikuwa nimezoea tangu utoto kwa nyanya. Walzi ilinikubali upesi. Leteni watoto wa mwomboko bwaloni muone.

#17 Jadong_Reli
Kodiani hata kwetu Nyanza ilikuwepo, tukaiita onanda. Lakini #16 umesema neno. Wazee wa reli niliowaona walikuwa wakisema mwanamke mzuri wa kucheza naye ni yule asiyekisia.

#18 Kijana_wa_58
Na mwanamume mzuri wa kucheza naye?

#19 Jadong_Reli
Anayejua anakokwenda. Nao walikuwa wachache, mama yangu alilalamika.

#20 IsukutiDamu
Mulembe nyote. Nyinyi mmesahau Kakamega. Sisi wa isukuti tukiingia klabu hatukwami popote, mguu wetu unafuata ngoma tatu kwa pamoja. Na isukuti iko kwenye orodha ya UNESCO kabla ya hiyo rumba yenu ya Kongo. Ni orodha ileile.

#21 Sauti_ya_Maseno
Kutangulia mmetangulia, isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingia 2014 na rumba ya Kongo 2021. Ila orodha si moja. Isukuti iliwekwa kwenye ile ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu ilionekana iko hatarini. Rumba ya Kongo iko kwenye orodha ya uwakilishi. Hilo la kuwa hatarini lituhangaishe zaidi kuliko nani alitangulia.

#22 IsukutiDamu
Hilo la hatari nalikubali kwa uchungu. Wajukuu wanataka maikrofoni. Lakini la mguu silitoi.

#23 Sabato_Njema
Naomba kuuliza kwa heshima, maana mimi pia nataka kujiunga, chuo kingine upande wa Kisii. Mazoezi yao ni Ijumaa jioni na mimi ni Msabato, jua likizama nimefunga kazi. Pili, mama amesikia kuna kushikana akakosa raha kabisa. Mliopita hapo mlifanyaje?

#24 NyarKisumo
Karibu sana. La Ijumaa mwambie kiongozi mapema. Kwetu Wasabato ni wengi, wakahamishiwa kundi la Jumapili alasiri bila neno. Klabu inayotaka wanachama itasikiliza.

La mama nililipata pia. Nilimwalika aje atazame. Aliona taa zote zimewashwa, viongozi wamesimama, watu wanabadilishana wenzi kila baada ya muda mfupi, na anayesema hapana haulizwi kwa nini. Alikaa mpaka mwisho, akaondoka akiwa anahesabu walzi.

#25 MwalimuWaHatua
Niongeze kwa mama. Dansi za Kilatini nyingi kuna nafasi ya mkono mmoja kati yenu. Za ukumbini ndizo zenye kukaribiana, mwanamke akisimama kidogo upande wa kulia wa mwanamume, lakini wageni hufundishwa wakiwa na nafasi katikati na hakuna mwalimu mwenye akili atakayewalazimisha kuiziba. Na huko kubadilishana wenzi kusikukere. Kunasaidia mgeni asizoee makosa ya mtu mmoja, na kunaondoa hadithi za nani ni wa nani.

#26 OmeraKondele
Kunaondoa? Mimi nimeona harusi mbili zilizoanzia kwenye kubadilishana.

#27 Kijana_wa_58
Andika jina la hiyo klabu hapa haraka.

#28 MsimamiziUzi
Wadau, turudi kwenye mada. NyarKisumo aliuliza viatu tangu #1 na hajajibiwa.

#29 FundiSoli_Bondeni
Nipo. Nashona viatu hapa Bondeni, Nakuru, na wanafunzi wa dansi ni wateja wangu.

Viatu vyenyewe vya dansi vina soli ya swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, ili mguu uteleze kwa kiasi na ushike kwa kiasi. Vinafaa sakafu ya mbao. Kwenye saruji ya bwalo swedi inalika haraka, na ikinyeshewa njiani imekwisha. Mgeni asikimbilie kununua. Tafuta kiatu cha mtumba chenye soli ya ngozi laini, kinachokaza kisigino vizuri, kisichovuka vidole. Dada aanze na kisigino kifupi kinene. Vile virefu vyembamba vya mashindano ni vya baadaye. Mwenye kiatu anachokipenda tayari aniletee nimbandikie swedi kwenye soli, nimefanya hivyo kwa wengi. Kikishabandikwa usikivae barabarani hata hatua moja: beba kwenye mfuko, badilisha mlangoni. Swedi ikibanwa na vumbi, ichanue kwa brashi ya waya.

Na jamani acheni kumwaga poda sakafuni. Mmoja anateleza vizuri, wawili wanaanguka.

#30 Daktari_wa_Magoti
Fundi mkono wako nauheshimu. Naongeza kuhusu raba. Wageni wengi huja na raba za mazoezi, soli inang'ang'ania saruji, mtu anageuka, mwili unakwenda na mguu unabaki. Anayelipa ni goti. Heri soksi nene kwa jioni moja kuliko raba. Na sasa niwaulize wote: je, hawa wanaosifiwa huvaa nini bwaloni? Ndio wenye raba kali! Huenda nusu ya kukwama ni soli.

#31 NyarKisumo
Daktari, kijana wa Homa Bay anavaa raba. Mwenzangu mlokole anavaa viatu vya kanisani, soli ya ngozi.

Sasa mmenichanganya zaidi.

#32 OmeraKondele
Kumbe jibu lilikuwa kwa Fundi muda wote huu.

#33 MwalimuWaHatua
Hapana. Kwangu wote huvua viatu jioni ya kwanza na bado ni walewale.

#34 KaskaziniUingereza
Nasoma Uingereza, nyumbani Bungoma. Nilijiunga na klabu ya chuo huku bila kujua hata kushika mwenzi. Huku klabu za vyuo hushindana, na kila mwaka kuna mashindano makubwa ya vyuo pale Winter Gardens, Blackpool, mji ambao tamasha lake la dansi linaendelea tangu 1920. Anayeanza ana kundi lake, hakutani na wakongwe. Tena dansi za wageni ni nne tu: walzi, kwikistepu, chacha na jaivu.

Oneni kwamba rumba haimo. Niliuliza sababu nikaambiwa rumba ni ya polepole mno kwa mgeni, kila kosa linaonekana, na usipoweza kukaa juu ya mguu mmoja huna pa kujificha. Chacha inakuruhusu kukosea na kuendelea. Kwa hiyo ninavyoona, anayekosea ni anayeanzisha wageni na rumba.

#35 MwalimuWaHatua
Walimu wenzangu wengi hukubaliana na wewe. Mimi silikubali. Chacha ina hatua zilezile za msingi za rumba, imeongezwa tatu fupi za haraka kwenye nne-na-moja. Mgeni akianza na chacha anajifunza kukimbia, halafu inabidi nimfundishe kusimama. Akianza na rumba analia mapema lakini anakuja kufurahi mapema.

Halafu hujaeleza kwa nini mlokole hakulia.

#36 KaskaziniUingereza
Sijaeleza, kweli. Huku kwetu sijamwona mtu aliyelelewa na rumba ya Kongo akiingia, isipokuwa mimi. Na mimi walzi ilinisumbua zaidi, kuhesabu tatu baada ya kuishi na nne.

#37 Sabato_Njema
Asanteni kwa majibu ya #24 na #25. Nimezungumza na kiongozi, atanipa Jumapili. Swali dogo: wanawake ni wengi kuliko wanaume huko. Nitakaa nje nikisubiri?

#38 KodianiNaKaringaringa
Usikae nje hata kidogo. Jifunze kuongoza. Mimi nilijifunza pande zote mbili kwa sababu hiyohiyo, na ndipo nikaelewa kwa nini viongozi wanaume walikuwa wanachelewa: wakati mimi nafuata wananiwazia njia, hesabu, ukuta na watu wa nyuma. Anayeongoza ana mzigo mkubwa zaidi miezi ya kwanza. Anayefuata mzigo wake unakuja baadaye, pale anapotakiwa awe mwepesi bila kuwa mlegevu. Chukua zote. Na beba kitambaa cha jasho, pipi ya mnanaa na blauzi ya pili. Usiku nje ni baridi lakini bwalo likijaa utaitafuta.

#39 OmeraKondele
Mwalimu, nina wazo la kumaliza ubishi. Tuchukue rumba ya Kongo yenyewe, tucheze hatua zenu juu yake. Kama kijana wa Homa Bay ataipata akisikia gita lake, Sauti_ya_Maseno ameshinda. Lakini nitajuaje wimbo una mwendo unaofaa?

#40 MwalimuWaHatua
Hilo ni rahisi. Shika saa, hesabu mapigo kwa sekunde 15. Rumba ya mashindano iwe kati ya 25 na 27. Chacha 30 hadi 32. Walzi, ambayo ni ya mapigo matatu, upate 21 au 22. Rumba nyingi za Kongo zinaanza taratibu kwenye maneno, halafu sebene inachapuka. Tumia sehemu ya maneno. Lakini nakuonya, gita halitamwambia mbili iko wapi. Lazima aijue kabla.

#41 Sauti_ya_Maseno
Litamwambia. Sikilizeni ngoma ya nyuma.

#42 NyarKisumo
Tumejaribu jana, nyuma ya bweni, simu ikiwa juu ya ukuta. Tulikuwa mimi, kijana wa Homa Bay na mwenzangu mlokole wa kuhesabu sekunde. Wimbo wa zamani wa Kongo, sehemu ya maneno ulitoa 26.

Kijana aliingia kwenye mbili bila kuambiwa na akakaa hapo ubeti mzima. Sikuamini. Sebene ilipoingia akaipoteza kabisa, akarudi kwenye moja, na mimi nikamfuata huko. Tulirudia, ikawa vilevile. Mlokole wetu alipocheza wimbo huohuo hakuipata mbili hata kwenye ubeti.

#43 Sauti_ya_Maseno
Sina la kuongeza.

#44 MwalimuWaHatua
Mimi ninalo. Sebene ilipoharakisha mazoea yakarudi, ndicho nilichosema #4. Wiki moja ya makofi kwenye kiti na sebene haitamtoa.

#45 OmeraKondele
Nyuma ya bweni hakukuwa na watu wa kumtazama. Nilisema ni heshima.

#46 Daktari_wa_Magoti
Alikuwa amevaa raba au la? Na magoti uliyatazama sebene ilipoingia?

#47 KodianiNaKaringaringa
Na kabla ya hayo yote, kati yenu nani alikuwa anaongoza?